Popo wa darini: shajara ya kuwatoa wakiwa hai

Siku ya 1

Safari hii naandika kila hatua, kwa sababu mara ya kwanza sikuandika wala sikufikiri. Miaka miwili iliyopita nilimwita fundi aje aondoe popo. Akapanda ngazi saa sita mchana, akaziba kila tundu aliloliona kwa saruji, akashuka, akaondoka. Saa sita mchana popo wote wamelala ndani. Usiku ule dari lilikwaruzwa mpaka alfajiri. Wachache walipenya kwenye tundu la taa wakaingia vyumbani, waliobaki wakafia humo humo, na harufu yake tuliishi nayo kwa wiki kadhaa. Mama aliniambia, "Mwanangu, na hao nao wana roho." Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya miezi michache wakaja wengine, wakapitia upenyo ambao fundi hakuuona.

Kwa hiyo mradi wenyewe ni huu: watoke wote wakiwa hai, wasiweze kurudi, na asife hata mmoja kwa mkono wangu.

Siku ya 2

Kwanza nihakikishe ni popo, nisije nikapigana na panya kwa silaha ya popo. Chini ya ukingo wa paa nimekuta vinyesi vidogo vyeusi. Nikavaa glovu, nikakiponda kimoja juu ya karatasi nyeupe. Kikasagika na kuwa unga wenye vimeta-meta, ambavyo ni mabaki ya magamba na mabawa ya wadudu. Cha panya hukauka kikawa kigumu, hakisagiki hivyo. Tena hakuna waya wala ubao uliotafunwa, na popo hatafuni jengo wala hajengi kiota. Anatumia mwanya alioukuta.

Mwanya wenyewe unajionyesha. Pale wanapopita kuna doa la kahawia linalong'aa kama mafuta, limetokana na manyoya yao kusugua ukuta kila siku. Nimeona madoa mawili, moja kila pembe ya paa. Nimepima upenyo wa moja: sentimita 1.5. Kidole changu cha shahada hakiingii vizuri, ila popo wa aina hii anapita bila shida.

Siku ya 3 hadi ya 5

Kuhesabu. Mimi upande mmoja, mdogo wangu upande wa pili, kila mmoja na kiti chake, tumekaa kabla jua halijazama. Wa kwanza hutoka dakika kama 20 baada ya jua kuzama. Hajiachii kama ndege arukaye kutoka tawini. Anachungulia, anajidondosha, na akiwa anaanguka ndipo anakunjua mabawa. Nimeliandika hilo kwa sababu litanifaa nikifika kwenye kutengeneza mlango wa kutokea tu, usioruhusu kurudi: lazima uelekee chini.

Siku ya 3 tulihesabu 61. Siku ya 4 mvua ilinyesha jioni nzima wakatoka 12 tu. Usiku wa mvua kubwa wengi hawatoki kabisa, kwa hiyo hesabu hiyo naifuta. Siku ya 5, 63.

Mdogo wangu aliniuliza mbona tunapoteza jioni tatu kuhesabu vitu tunavyotaka viondoke. Nikamwambia bila idadi ya mwanzo sitajua mwisho nimefika au bado.

Siku ya 6

Leo nimepanda darini, na mradi umesimama.

Nilipanda mchana, nimevaa barakoa inayobana uso vizuri, glovu nzito na nguo za mikono mirefu, na tochi nimeifunika plastiki nyekundu ili mwanga usiwashtue. Nilikanyaga mbao za kenchi tu, maana jipsamu iliyo kati haibebi mtu. Upande unaopigwa na jua la jioni, ambako bati hushika joto zaidi, niliona kama kitambaa cheusi kimetundikwa kwenye boriti. Kitambaa kikapumua. Nikasogea hatua moja. Pembeni ya kundi, kimebanwa na mwili wa mama yake, kulikuwa na kitoto.

Ukubwa wake haukuzidi pingili ya juu ya kidole gumba changu. Ngozi ya waridi, hakina nywele, macho yamefumba. Kilikuwa kimeng'ang'ania ubao kwa kucha za miguu na kwa kile kidole gumba kidogo kilicho kwenye bawa. Bawa la popo ni mkono kamili: vidole vinne vimerefushwa na kutandwa ngozi, gumba limeachwa huru kwa kushikia. Ndiyo maana wataalamu wameliita kundi lao Chiroptera, kwa maneno mawili ya Kigiriki, mkono na bawa. Niliangaza zaidi nikaona vingine, vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kabla sijaamua kushuka. Sikukaa hata dakika tano, kwa sababu mama akishtuka anaweza kukiangusha kitoto, na kikianguka kwenye jipsamu aghalabu hakipandi tena.

Nimekaa chini ya ngazi nikiwa nimeshika tama. Lau ningeweka mlango wa kutokea usiku huu, mama wote 60 na ushee wangetoka kuwinda kama kawaida, wasirudi ndani, na vitoto vikafa njaa juu ya vichwa vyetu. Mama nao wasingekwenda mbali. Wangezunguka nyumba wakitafuta tundu lolote, pamoja na yale yanayoingia vyumbani. Kosa la fundi yule ningelirudia kwa njia ya kistaarabu zaidi.

Aina nyingi huzaa kitoto kimoja kwa mara moja, na kitoto huchukua kati ya wiki tatu na sita hivi kabla hakijaruka vizuri. Kwenye nchi zenye baridi kali uzazi huwa majira ya joto, mara moja kwa mwaka. Kwenye nchi za joto wapo wanaozaa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kalenda pekee haitoshi, anayetaka kuwatoa lazima aangalie kwa macho yake.

Tunasubiri.

Siku ya 8

Nimepiga simu ofisi ya wanyamapori kabla sijagusa kitu. Nawasihi wanaosoma wafanye hivyo pia, kwa sababu sheria hazifanani. Uingereza, kwa mfano, popo wote wanalindwa kisheria na ni kosa kuharibu au kuziba makazi yao, hata kama kwa wakati huo hawamo. Niliambiwa naweza kuendelea mradi nisiue na nisiguse wakati wa vitoto.

Siku ya 9

Habari zimeenea. Mzee jirani amenijia na pakiti ya nafthalini, vile vidonge vya kufukuzia wadudu kabatini. "Mwanangu, tandaza hizi, kesho hawapo." Nimempokea kwa heshima na nimemweleza. Ili mvuke wa vidonge vile umsumbue popo kwenye dari lenye hewa inayopita, ungehitaji kiasi ambacho kingetudhuru sisi tunaolala chini yake. Moshi ndio mbaya zaidi: vitoto havina pa kukimbilia, na nyumba yenyewe inaweza kushika moto. Gundi ya kunasia nimeikataa bila maelezo mengi. Mnyama anayenaswa na gundi hufa polepole akijichuna ngozi, na anayempata bado hana la kufanya naye.

Mwingine ameshauri niwakamate kwenye boksi niwapeleke mbali. Popo anaijua njia ya kwao, wengi hurudi. Na wasiporudi, vitoto wangewaachia nani?

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka pakiti mfukoni. Akasema, "Basi ukianza kuziba niite nikushikie ngazi."

Siku ya 10 hadi ya 17

Kazi ya ndani. Hii inaweza kufanywa hata vitoto vikiwepo, kwa sababu haizuii njia yao ya kwenda nje. Nimeziba kila mahali dari linapokutana na vyumba: pembezoni mwa taa, tundu la bomba la maji, mwanya juu ya kabati, kifuniko cha kupandia darini ambacho kilikuwa kinapwaya. Silikoni kwenye nyufa nyembamba, ubao na misumari kwenye pana. Ningetamani ningeanza na hili miaka miwili iliyopita, maana hata kama ungeshindwa kila kitu kingine, hili peke yake linatenganisha wanaolala juu na wanaolala chini.

Siku ya 15

Nilichelewa siku moja na upenyo wa taa ya sebuleni. Saa mbili usiku popo mmoja akaingia, akaanza kuzunguka juu ya vichwa vyetu. Binti yangu akapiga ukelele. Roho ilinidunda, ila nilikuwa nimeshajiandaa: niliwatoa watu wote, nikafunga mlango wa ndani, nikafungua dirisha lote, nikazima taa, nikasimama kimya ukutani. Alizunguka mara sita au saba, kila mzunguko chini kidogo, kisha akalipata dirisha. Hayupo.

Watu wengi husema popo "alinivamia kichwani". Nilichokiona ni mnyama anayeshuka katikati ya chumba kila akikata kona na kupanda tena akikaribia ukuta.

Angetua, ningemfunika na boksi na kupenyeza kadibodi chini yake, glovu nene mkononi, kisha ningemweka juu ya ukuta wenye mikwaruzo au shina la mti, kwa kuwa wengi hawawezi kuruka kutoka sakafuni. Mkono mtupu, kamwe. Popo wachache tu ndio huwa na kichaa cha mbwa, lakini ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu kila mara huua. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Na kama angekutwa chumbani kwa mtoto aliyelala, nisingemfungulia dirisha. Ningemfungia kwenye boksi, nikampeleka mtoto hospitali hata bila kuona jeraha na kuuliza kama popo apimwe. Meno yake ni madogo kiasi kwamba alama inaweza isionekane. Nimemweleza binti yangu hili polepole, sitaki aogope, nataka ajue.

Usiku huo huo nilimaliza tundu la taa.

Siku ya 21

Nimetengeneza nyumba yao mbadala. Ubao usiorandwa, ndani nimeukwaruza kwa msumeno ili kucha zishike, vyumba vyembamba vya upana wa sentimita 2 vikitenganishwa na mbao, chini wazi kabisa ili uchafu udondoke wenyewe. Imefungwa kwenye nguzo, mita 4 kutoka ardhini, inapata jua sehemu kubwa ya siku, mbele yake hakuna tawi. Nimeiweka mapema ili waizoee. Hakuna uhakika kwamba wataingia, ila ninawataka wabaki jirani: kila mmoja anakula wadudu wengi kila usiku, na wadudu hao ningekula nao sahani moja.

Siku ya 22 hadi ya 40

Kusikiliza tu. Kila jioni, wakubwa wakishatoka, nasimama chini ya dari nikitega sikio. Vitoto vinalia vikibaki peke yao, sauti nyembamba kama ya kitambaa kinachofutwa kwenye kioo. Siku ya 22 sauti ilikuwa mfululizo. Siku ya 30 ilikuwa imekuwa nzito kidogo, na kulikuwa na vishindo vya mabawa. Siku ya 37 nilisikia milio miwili mitatu tu.

Asubuhi ya siku ya 33 nilikuta kitoto kimoja kimekufa chini ya ukingo, nadhani kilijaribu kuruka kabla ya wakati. Nimekizika chini ya ua. Sijui kama nakihesabu kwenye ahadi ya siku ya kwanza.

Siku ya 43 hadi ya 45

Hesabu imepanda. 63 wamekuwa 94, halafu 97, halafu 96. Hao zaidi ni vitoto, sasa wanatoka kwa mabawa yao. Baada ya kutoka wote, siku ya 45, nilipanda na tochi nyekundu nikaangalia boriti nzima. Tupu, hakuna hata kimoja kilichobaki. Sijawahi kufurahi hivyo kuona ubao.

Siku ya 46

Kuziba nje, isipokuwa yale matundu mawili makuu. Nilipanda darini mchana kwa upande wa mbali na kundi, nikazima tochi, nikasubiri macho yazoee giza. Kila mahali palipoingia mwanga palikuwa pa kuzibwa. Mdogo wangu alikuwa nje na chaki. Mimi napenyeza unyasi kwenye mwanga, yeye anaweka alama pale unyasi unapotokeza. Tulipata alama 17. Mzee alitimiza ahadi yake, akashika ngazi mpaka jua likazama. Mikunjo ya bati tuliijaza kwa vipande vya wavu wa chuma wenye matundu madogo, tukaupigilia, tukapaka silikoni pembeni. Kabla ya kuziba kila upenyo nilimulika ndani nisije nikamfungia mtu wa kwao.

Siku ya 47

Milango ya kutokea. Kila tundu kuu limewekewa bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 25, limeinamia chini, limezungushiwa wavu na silikoni ili pasipitike pembeni. Popo anatambaa ndani yake na kujidondosha. Akirudi, anatafuta mahali pa kushika kwenye plastiki laini, hapapati.

Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Siku ya 48

Alfajiri nilikaa nje kuwatazama wakirejea. Wengi walizunguka wakashindwa, wakaelekea kwenye miti. Lakini bomba la pembe ya kulia nilikuwa nimelikata kwa msumeno na sikulisugua, mdomo wake ukabaki na makovu. Mmoja akatua pale, kucha zikashika makovu, akapanda ndani taratibu kama mtu apandaye ngazi ya kwake. Wa pili akamfuata. Nilihesabu 11 walioingia.

Mchana nimelisugua kwa msasa mpaka likawa kama kioo, na mdomo wa mabomba yote mawili nimeuvika mfuko mwembamba wa plastiki uliofunguka chini. Anayetoka anausukuma, akishapita unajifunga wenyewe.

Siku ya 49 hadi ya 56

Usiku wa kwanza baada ya marekebisho walitoka 14, wa pili 3, wa tatu 1. Usiku wa nne hakutoka yeyote kwenye mabomba, nikataka kushangilia, mdogo wangu akaniita kutoka upande wa nyuma. Chini ya kofia ya paa, mahali mabati mawili yanapokutana juu kabisa, walikuwa wanatoka. Tukahesabu 9. Mwanya ule mwanga haukuwa umeuonyesha kwa sababu umejikunja mara mbili. Popo anaupita kwa kujipinda, mwanga hauwezi.

Nimeupigilia wavu laini juu na pande zote mbili, chini nimeuacha ukining'inia wazi kwa nusu mita. Kanuni ni ile ile: anashuka kati ya wavu na paa, anatokea chini, na akirudi anakwenda moja kwa moja pale alipozoea, anakuta wavu.

Siku ya 53 mvua. Nimeongeza siku kwa sababu yake. Vitabu vya kazi hii husema acha milango angalau usiku tano hadi saba wa hali nzuri ya hewa, na mimi nimeona kwa nini: yule wa mwisho alitoka usiku wa siku ya 55, peke yake, karibu saa moja baada ya wenzake wote kuwa hewani.

Siku ya 58

Usiku mbili mfululizo sifuri pande zote. Nikapanda darini usiku na tena mchana, nikamulika kila boriti na kila kona ya kofia. Hakuna. Mabomba na wavu vimetolewa, matundu yamezibwa.

Siku ya 60

Usafi. Kinyesi kikavu hakifagiliwi, narudia, hakifagiliwi: vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa Histoplasma, ambaye akivutwa husababisha ugonjwa wa mapafu. Nilinyunyizia maji ya kutosha kulowanisha bila kuharibu jipsamu, nikakusanya kwa koleo dogo kwenye mifuko miwili-miwili, barakoa na miwani muda wote, watoto wakiwa wametoka nyumbani. Mifuko sita. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Siku ya 74

Baadhi ya jioni popo wawili watatu bado wanakuja kugusa pembe ya kulia ya paa, palipokuwa na bomba, kisha wanaondoka. Mama huwa ametoka kuwaangalia. Silikoni imeshika, wavu haujalegea.

Siku ya 131

Nimekagua alama zote 17 na kofia ya paa. Moja imefunguka kwa sababu ubao umenywea kwa jua. Nimeiziba leo leo. Chini ya ile nyumba ya nguzoni nimekuta vinyesi vinne, vidogo, vyeusi. Nikakiponda kimoja juu ya karatasi. Kikasagika, kikametameta.